Mshipi wa Kibirizi unaweza kuwa msuli

Mvuvi wa Kibirizi: Mwanangu anasema mshipi wa nailoni, huu wa kuvulia samaki, unageuka msuli wa roboti. Ananitania?

Hakutanii, mzee wangu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas, Marekani, na wenzao walionyesha hivyo kwa mshipi na uzi wa kushonea wa kawaida kabisa. Nimejaribu mwenyewe mezani. Unaning'iniza mshipi, unafunga chupa ya maji chini, unaizuia isizunguke, kisha unausokota kwa juu kwa drili. Unakaza, unafupika, mara unaanza kujikunja vipete vipete, kama springi ya kalamu. Ukiwa umebeba chupa hiyo hiyo, upashe moto na kuupoza mara kadhaa ili umbo likae. Basi tena: ukiupuliza kwa draya ya saluni, chupa inapanda, ukipoa, inashuka. Mara ya kwanza kuiona ikipanda nilimwita kila mtu nyumbani.

Siri yake ni kwamba nyuzi za ndani ya nailoni zimelala kwa urefu. Zikipata joto hufupika na kunenepa, msokoto unataka kufunguka, vipete vinavutana. Kwa urefu na uzito ule ule, unanyanyua mzigo zaidi ya mara 100 ya msuli wa binadamu. Lakini unakula joto jingi, na sehemu kubwa inapotea bure.

Mwanafunzi, Ujiji: Nasikia watafiti huiga misuli hii kwanza kwenye kompyuta. Kwa nini wahangaike hivyo badala ya kuitengeneza tu?

Unene, msokoto, joto: michanganyiko haiishi, na kila jaribio linakula siku. Kompyuta inakokotoa nguvu kati ya atomu na kuzisogeza kidogo kidogo, kila hatua takribani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Kwa mshipi mzima haiwezekani, hivyo atomu hukusanywa katika mafungu. Hata hivyo, hesabu isiyopimwa mezani mimi siiamini.

Mama wa Mwanga: Misuli hii itamsaidia aliyepooza mkono?

Mama, hamu hiyo ni ya zamani. Miaka ya 1950 mwanafizikia Joseph McKibben alishughulikia msuli wa hewa kwa ajili ya binti yake aliyepooza kwa polio: mpira ndani ya wavu uliosukwa, ukijaa hewa unanenepa na kufupika.

Kijana wa Katubuka: Nianze na mshipi upi?

Wa nailoni, nusu milimita hivi, usio na fundo. Vaa miwani, maana ukikatika unarudi usoni.