Vyama vya wafanyakazi vinaleta kura au vinafukuza kura?

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi na kampeni za nyumba kwa nyumba nimezifanya pia, kwa hiyo wagombea huwa wananiuliza sana: tukisimama na vyama vya wafanyakazi tunapata au tunapoteza? Mimi nawajibu hivi, kwanza niambie wanachama wenyewe wameulizwa au la, maana tamko la mwenyekiti peke yake halipigi kura.

Mnajua inavyokuwa. Viongozi wa juu wanapanda jukwaani na mgombea, mikono juu, picha zinasambaa, halafu mtu wa zamu ya usiku anakuja kusikia redioni kwamba "wafanyakazi wote" wanamuunga mkono fulani. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa tawi baada ya tamko la namna hiyo, dada mmoja muuguzi akasimama, bado ana sare ya kazini, akauliza tu "Nani alituuliza?" basi watu wakaanza kugonga meza ukumbi mzima, na wengi wao huyo mgombea walikuwa wanampenda kabisa! Baada ya hapo kupata hata wa kugawa vipeperushi ilikuwa kazi kweli kweli.

Lakini wakiwa wenyewe wameamua, aisee, hakuna jeshi la kampeni kama hilo. Angalieni Zambia 1991, Frederick Chiluba alikuwa anaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na chama chake cha siasa, MMD, kikamtoa Rais Kaunda aliyekuwa madarakani tangu 1964, kwa sababu kule migodini na kwenye ofisi za serikali tayari kulikuwa na matawi, viongozi wanaojulikana na watu waliozoea kukutana. Australia nayo 2007, vyama vya wafanyakazi vilipiga kampeni kubwa dhidi ya sheria ya kazi ya serikali ya waziri mkuu John Howard, wakagonga milango kwenye majimbo yenye ushindani, na Howard akapoteza serikali na jimbo lake mwenyewe. Pale hawakuhubiri chama, waliongelea mshahara na kufukuzwa kazi, na hilo ndilo lililowaingia watu.

Hasara ipo pia, tusidanganyane. Uingereza majira ya baridi ya 1978 kuingia 1979, serikali ya Labour, chama ambacho vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyokianzisha, ilitaka nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5 wakati maisha yamepanda, migomo ikafuatana, takataka zikarundikana London, Liverpool hadi wachimba makaburi wakagoma. Mei 1979 Margaret Thatcher wa chama pinzani cha Conservative akashinda. Siwalaumu wale wafanyakazi hata kidogo, walikuwa na haki ya kudai, ila mpiga kura ambaye takataka hazijazolewa mlangoni kwake hakai kuchambua nani alianza, anamwadhibu aliyeko ikulu, na chama kilichojisifia urafiki na wafanyakazi ndicho kinachoulizwa kwa nini rafiki zake hawasikilizani nacho.

Kwa hiyo kama unaendesha kampeni, usiombe tamko kwanza. Nenda getini zamu zinapobadilishana, mapema, kabla hata mabango hayajabandikwa, uliza watu kinachowauma na uandike. Acha tawi lipige kura yake, na wakikukatalia heshimu. Wakikubali, omba mawakala wa vituo na watu wa kuzunguka mitaani, hotuba waachie wengine. Michango ya pesa itangaze hadharani wewe mwenyewe kabla wapinzani hawajaitangaza kwa niaba yako. Na kama chama chako ndicho kiko madarakani na kuna mgogoro wa mishahara unanukia, kaeni mezani sasa hivi mkubaliane na mtie saini, msisubiri wiki za mwisho, kwa sababu ahadi ya "tukishinda tutalishughulikia" wafanyakazi wameshaisikia mara nyingi na hawaiamini tena.