Ampu ya valvu ya gitaa kupungua sauti ikishapata moto

Usinunue valvu kwanza. Chomeka waya mfupi wa gitaa kutoka tundu la Send hadi la Return, yale ya kuunganishia vifaa vya efekti huko nyuma ya ampu. Sauti ikirudi, tatizo ni kutu kwenye kile kijibati kilicho ndani ya Return: usipochomeka kitu, sauti yote inapitia hapo. Puliza dawa ya kusafishia swichi, kisha chomeka na kuchomoa mara kumi hivi. Yangu ya miaka ya 80 ilipona hivyo, nikiwa nimeshabadilisha 6L6 (valvu kubwa za nguvu) zote mbili bure. Isiporudi, zima, iache ipoe, jaribu 12AX7 (valvu ndogo) iliyo nzima badala ya kila moja ya zile ndogo kwa zamu. Ila boksi mpe fundi afungue. Kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata umeme ukishachomolewa, na hizo zinaua.