Seva ya faili nyumbani kwa Proxmox: fanya pepe huduma, diski ziache halisi

Mkuu, kama nimekuelewa, una kompyuta ya mezani iliyostaafu kazi za ofisi, RAM GB 16, SSD ndogo moja na diski mbili za TB 4. Unataka picha na nyaraka za familia zikae humo, kila mtu azipate kwa simu na laptop, na nguvu itakayobaki uitumie kwa mashine za majaribio. Unauliza TrueNAS (mfumo wa seva ya faili) iwekwe moja kwa moja kwenye kompyuta au ndani ya mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta halisi) juu ya Proxmox, mfumo unaoendesha mashine hizo.

Waliotangulia kukujibu wamekwambia usijisumbue, weka moja kwa moja. Si jibu baya. Ila mimi nimeishi na njia ya Proxmox miaka minne, imeninyima usingizi mara mbili, na bado sijaiacha. Mara zote mbili kosa lilikuwa langu na chanzo kilikuwa kilekile: nilichezea umiliki wa diski. Ndiyo maana nasema fanya pepe huduma, lakini diski ziwe na mwenyewe mmoja tu, anayezijua kwa namba zake za kiwandani.

Mara ya kwanza nilifanya wanachofanya wengi. Nikaweka Proxmox, nikaunda mashine pepe, nikaipa diski pepe ya TB 3 iliyokaa juu ya diski halisi ya TB 4. Diski pepe ya aina hiyo huahidi nafasi ambayo haijatengwa. Ukisema TB 3 haizichukui siku hiyo, inanenepa kadiri unavyoandika. Basi nikaona nafasi bado tele, nikaunda nyingine ya TB 1, kisha nyingine ya nusu. Jumla nimegawa TB 4.5 kutoka kwenye diski ambayo mfumo unaihesabu kuwa na 3.64 tu, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1024. Tena ukifuta faili ndani ya mashine, nafasi hairudi nje mpaka uwe umewasha discard (ruhusa ya kurudisha nafasi) kwenye diski pepe na mashine yenyewe iwe inatuma TRIM (taarifa ya nafasi iliyofutwa). Sikuwa nimewasha.

Usiku mmoja diski halisi ikajaa, mashine zote zikaganda kwa pamoja na kosa la I/O (kusoma na kuandika). Nilipoangalia mashine ya faili, yenyewe ilikuwa bado inaonyesha zaidi ya TB 1 iko wazi. Niliitazama ile namba kama mtu anayeambiwa salio lipo huku mashine ya benki inamtemea kadi.

Nikaenda upande wa pili wa barabara: TrueNAS ndani ya mashine pepe, na diski zote mbili nikazipitisha zikiwa nzima (101 ni namba ya mashine):

qm set 101 -scsi1 /dev/disk/by-id/ata-...

(Tumia by-id siku zote. Majina ya sda na sdb hubadilika ukihamisha kebo au ukichomeka flashi wakati wa kuwasha.)

Hii inafanya kazi, na utaona watu wengi wanaisifu. Kuna kitu hawakwambii: kwa njia hiyo TrueNAS haioni SMART ya diski, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe. Inaona kifaa kinachoitwa QEMU HARDDISK, basi. Diski ikianza kuoza, yule uliyemkabidhi ulinzi ni kipofu. Njia safi ni kupitisha kidhibiti kizima cha SATA (chipu inayosimamia diski), na hapo unahitaji VT-d kwa Intel au AMD-Vi kwa AMD, uwezo wa kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi, iwashwe kwenye BIOS. Kwenye kompyuta za ofisi bandari zote za SATA kwa kawaida ni za kidhibiti kimoja, kwa hiyo ukikipitisha, SSD yenye Proxmox nayo inaondoka kama imechomekwa hapohapo. Ikiwa SSD yako ni NVMe, aina isiyotumia SATA, umepona. Kama siyo, itabidi kadi ya ziada ya HBA (ya kuunganishia diski), mfano LSI 9211-8i yenye programu ya IT mode, inayoacha diski zionekane zilivyo bila RAID ya kadi, yaani bila kadi kuziunganisha diski kuwa moja. Kadi hizo ziliundwa kwa seva zenye upepo mkali. Ndani ya boksi la ofisi zinachemka, zifungie feni ndogo.

Sasa kosa la pili. Kulikuwa na tatizo nalitafuta, mashine ya TrueNAS inaendelea kufanya kazi, mimi niko kwenye skrini nyeusi ya Proxmox. Nikaandika zpool import, amri ya kufungua kundi la diski za ZFS. ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili ambao TrueNAS inautumia, ikaniambia kistaarabu kabisa kwamba hizi diski zinatumiwa na mfumo mwingine, na kwamba nikitaka kulazimisha niweke -f. Nikaweka. Kuanzia hapo mifumo miwili ikawa inaandika kwenye diski zilezile, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Baada ya kuwasha upya hakuna aliyeweza kuzisoma. Nakala rudufu niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku tisa nyuma, na picha za siku hizo tisa hazikurudi. Herufi moja tu, f.

Ninachotumia leo, na ninachokushauri kwa RAM yako ya 16, ni hiki: diski zimilikiwe na Proxmox yenyewe kwa ZFS, na huduma ya kugawa faili iwe Samba ndani ya kontena la LXC (chumba chepesi kuliko mashine pepe, kinachotumia kiini cha mfumo wa Proxmox yenyewe). TrueNAS inataka GB 8 za RAM kama kiwango cha chini, yaani nusu ya mali yako imeondoka kabla hujaanza kucheza. Kontena langu la Samba linatumia chini ya MB 200. Na kwa kuwa Proxmox ndiyo imeshika diski, SMART inaonekana, hakuna diski pepe ya kunenepa, hakuna wa kugombania.

Kusakinisha sikuelezi sana: andika ISO (faili la usakinishaji) kwenye flashi, weka Proxmox kwenye SSD, fungua kivinjari kwenye anwani ya kompyuta hiyo bandari 8006. Usasishaji wa kwanza utagoma kwa sababu hazina ya programu iliyowekwa ni ya wanaolipia. Izime, washa ile ya no-subscription. Kale kadirisha ka kukukumbusha kulipia kaache, kanafunga kwa kubofya mara moja.

Kisha diski pacha (bwawa ni jina nililolipa kundi la diski, ata-A na ata-B weka majina ya zako):

zpool create -o ashift=12 bwawa mirror /dev/disk/by-id/ata-A /dev/disk/by-id/ata-B
zfs set compression=lz4 bwawa
zfs create bwawa/picha

Hiyo ashift=12 inaiambia ZFS ipime vipande vya baiti 4096, kipimo cha diski nyingi za sasa. Ukikosea huwezi kuibadilisha baadaye, unavunja na kuunda upya. Utapata TB 4 za kutumia, si 8, na watu hulalamika hapa. Lakini ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Kipande kikiharibika upande mmoja, inakitambua, inachukua kizima kwa pacha na kurekebisha. Ukiwa na diski moja itakwambia tu faili ipi imeharibika, sawa na daktari anayekupa jina la ugonjwa bila dawa. Ukaguzi wa bwawa zima hujiendesha kila Jumapili ya pili ya mwezi, umeshapangwa.

Jambo la RAM. ZFS hutumia RAM kama ghala la muda, na matoleo ya zamani yalikuwa yakichukua hadi nusu. Tangu Proxmox 8.1 kisakinishi huweka kikomo cha asilimia 10, lakini hiyo ni pale unapoweka Proxmox yenyewe kwenye ZFS. Wewe unaunda bwawa baadaye, kwa hiyo weka kikomo mwenyewe. Mimi nimeipa GB 4, kwenye faili /etc/modprobe.d/zfs.conf:

options zfs zfs_arc_max=4294967296

halafu update-initramfs -u na kuwasha upya.

Sasa kontena. Liunde likiwa unprivileged (lisilo na mamlaka ya mwenyeji), halafu uliunganishe na folda ya bwawa (102 ni namba ya kontena):

pct set 102 -mp0 /bwawa/picha,mp=/mnt/picha

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nilipoteza siku mbili. Utaingia ndani ya kontena, utaiona folda, lakini kila ukijaribu kuandika unakataliwa. Sababu ni kwamba kontena la aina hiyo linahamisha namba za watumiaji kwa 100000. Root (mtumiaji mkuu) wa ndani ni mtumiaji 100000 nje, na mtumiaji wako 1000 wa ndani ni 101000 nje. Kwa hiyo ukiwa kwenye Proxmox, si ndani ya kontena, andika:

chown -R 101000:101000 /bwawa/picha

Usikubali ushauri wa kuligeuza kontena liwe privileged ili tatizo liishe. Litaisha, na ukuta kati ya kontena na mwenyeji wake utakuwa umepungua unene. Ukimaliza kumbuka Samba ina orodha yake ya nywila, tofauti na ya Linux: smbpasswd -a kwa kila mtu.

Kasi. Mtandao wa gigabiti 1 ukigawa kwa 8 ni MB 125 kwa sekunde, na kunakili faili kubwa utaona kama 110. Kwa wiki kadhaa mimi nilikuwa napata 11. Nikalaumu ZFS, nikalaumu Samba, nikabadilisha mipangilio ambayo leo siikumbuki. Kumbe kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, megabiti 100 inatosheka na nne. Waya mmoja wa zile nne za ziada ukikatika, pande zote mbili zinakubaliana kimyakimya kwenda polepole na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Andika ethtool na jina la kadi yako ya mtandao, angalia mstari wa Speed kabla hujagusa kingine chochote. Na seva iunganishwe kwa waya, Wi-Fi waachie simu.

Bekapu sasa. Diski pacha zinakulinda dhidi ya diski kufa, hazikulindi dhidi ya wewe. Faili ukiifuta inafutika pande zote mbili papo hapo. Kwa makosa ya kila siku tumia snapshoti za ZFS, yaani hali ya faili iliyogandishwa kwa wakati fulani. Mimi nina sanoid inayochukua moja kila saa, na hazili nafasi isipokuwa kwa kilichobadilika. Mwanangu aliwahi kufuta folda nzima ya picha akitafuta nafasi ya mchezo. Niliingia kwenye .zfs/snapshot, nikainakili kurudi, chai ikiwa bado ya moto. Lakini snapshoti ziko kwenye diski zilezile. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa, na ya tatu nje ya nyumba. Zingatia pia kwamba kazi ya bekapu ya Proxmox haichukui kilichomo kwenye folda uliyounganisha kwa mp0. Utaona tiki ya kijani kila usiku, na ndani ya ile faili ya bekapu kuna kontena tu, picha hata moja hamna. Kwa folda za bwawa tumia zfs send au rsync, amri za kunakili data.

Umeme: pima. Boksi kama lako likila wastani wa wati 40 muda wote ni karibu uniti 1 kwa siku, kama 350 kwa mwaka. Kikompyuta kidogo kinakula robo ya hapo, lakini hakina pa kuweka diski mbili kubwa, na watu wanaishia kutumia vikasha vya USB. Kwa ZFS sivipendi. Vingine huficha namba za diski, vingine hujikata sekunde mbili katikati ya kazi, na ZFS inahesabu diski imekufa.

Nisiwe mkaidi: ukifika GB 32 za RAM na ukapata HBA, au kama amri za maandishi zinakuchosha, TrueNAS ndani ya mashine pepe yenye kidhibiti kizima ni mpangilio mzuri na kurasa zake ni rahisi kuliko hizi amri zangu. Ila usiguse zpool import upande wa Proxmox. Na popote utakapoangukia, usifungue bandari ya Samba kwenye intaneti. Ukitaka faili zako ukiwa mbali pitia WireGuard, njia ya mtandao iliyofichwa (VPN).

Kabla hujaunda chochote, angalia modeli za diski zako kama ni CMR (mistari ya data kando kwa kando) au SMR. Za SMR huandika mistari ya data ikipandana kama vigae, na siku ukibadilisha diski iliyokufa, kazi ya kujaza pacha mpya inaweza kuchukua siku nyingi badala ya saa. Kisha endesha smartctl -a kwa kila diski, utume hapa mistari ya namba 5, 197, 198 na 199. Tatu za kwanza (vipande vibovu vya diski) zikiwa sifuri, endelea. 199 (makosa ya mawasiliano) ikiwa kubwa mara nyingi ni kebo ya SATA, badilisha kebo kwanza tuone kama inaendelea kupanda.