Joto la Dunia na Kadi ya Chama

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma Texas, nchini Marekani. Baba mwenye nyumba wake, mhandisi mstaafu, hakubali kabisa kwamba binadamu ndiye anayebadilisha tabianchi, ilhali jirani yao, ambaye ni mwalimu, analisadiki jambo hilo moja kwa moja. Mwanangu anasema ukishajua mtu anapigia kura chama gani, jibu lake umeshalijua. Sayansi imeingiaje katika vyama? – Mama wa mwanafunzi, Tanga

JIBU: Mama yetu, haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1988, mwanasayansi James Hansen alipoieleza kamati ya Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, kwamba dunia inazidi kupata joto, mgombea urais wa Republican, chama ambacho leo wafuasi wake wengi wana shaka na jambo hilo, George H. W. Bush, aliahidi kulishughulikia suala hilo, na mwaka 1992 ndiye aliyeutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi.

Mgawanyiko ulikua pale tiba ilipoanza kugusa mafuta, makaa ya mawe na kodi, kwa kuwa asiyependa serikali imwingilie katika riziki yake huanza kuishuku hata habari inayoipa serikali sababu ya kumwingilia. Kampuni za mafuta nazo zilitoa fedha ili shaka ienee, na mwaka 2002 mshauri wa Republican, Frank Luntz, aliwaandikia wanasiasa wake waendelee kusisitiza kwamba wanasayansi hawana uhakika. Mwananchi wa kawaida hapimi hewa, humsikiliza anayemwamini. Mwaka 2015 Seneta James Inhofe wa Republican aliingia katika ukumbi wa Seneti na donge la theluji ndani ya mfuko wa plastiki, akalirusha, kana kwamba baridi ya siku moja mjini Washington inafuta joto la dunia nzima. Ilikuwa hoja dhaifu, lakini wapigakura wake walimwona mtu wao akiwatetea.

Usistaajabu kuhusu usomi wa mhandisi huyo. Aliyesoma sana mara nyingi huwa hodari zaidi wa kuutafutia upande wake hoja, na hilo linamhusu mwalimu pia.

Mwanao akitaka mazungumzo yaende, aanze na upepo. Texas inaongoza Marekani kwa umeme wa upepo, na sheria iliyouchochea ilitiwa saini mwaka 1999 na gavana wa Republican, George W. Bush. Wapo wafugaji wanaolipwa pango la ardhi yao kwa mitambo inayozunguka juu ya ng'ombe wao, na hapo neno tabianchi halihitaji hata kutajwa.