Vitamini na dawa ya usingizi: vimezwe pamoja?

Swali: Daktari ameniandikia zolpidem miligramu 5 kila usiku kwa wiki mbili. Tayari natumia multivitamini, na rafiki amenipa kopo la "vitamini za usingizi". Nimeze vyote nikienda kulala, au niache vitamini kwanza?

Jibu la mfamasia: Multivitamini endelea nayo. Kwa vipimo vya kawaida, vitamini hazigombani na zolpidem. Kinachonitia wasiwasi ni lile kopo la rafiki yako.

Tafadhali ligeuze usome orodha ya viambato. Bidhaa za namna hiyo mara nyingi huchanganywa na melatonini, mzizi wa valeriani, pengine hata kava. Hivyo si vitamini, bali ni viambato vya kuleta usingizi. Ukivimeza juu ya zolpidem, nguvu zinajumlishana: unaamka usiku kwenda chooni unapepesuka na kuanguka, au asubuhi unashika usukani akili ikiwa bado nzito. Zolpidem peke yake inaweza kukufikisha hapo. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza kipimo cha kuanzia kwa wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu dawa iliweza kubaki kwenye damu asubuhi kwa kiwango cha kuhatarisha dereva.

Ukikuta jina Hypericum perforatum, huo ni mmea unaouzwa kwa watu wenye huzuni, nao hufanya kinyume. Unalichochea ini livunje zolpidem haraka, usingizi hauji, na mgonjwa anashawishika kujiongezea kidonge. Usijiongezee.

Angalia pia vitamini B6. Ikiwa imo kwenye makopo yote mawili, jumlisha, kwani kipimo kikubwa kwa muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi mikononi na miguuni. Magnesi nayo ikizidi huharisha, na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila ushauri wa daktari.

Kuhusu saa, tenganisha tu. Multivitamini imeze pamoja na mlo wa asubuhi au mchana, maana vitamini A, D, E na K hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta. Zolpidem inataka tumbo lisilo na chakula, kwa sababu chakula huichelewesha. Imeze ukiwa tayari kupanda kitandani, na uwe na saa 7 hadi 8 za kulala mbele yako. Pombe usinywe kabisa.

Kwa hiyo kopo hilo liweke kando mpaka daktari wako au mfamasia alisome. Ikiwa umeshachanganya, leo usiendeshe gari. Na mtu akichanganya kisha akawa haamshiki, au pumzi yake ikawa ya polepole mno, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kopo hilo na pakiti ya zolpidem.