Mnauliza, Tunajibu: Huko Papenburg ilikotoka meli ya Liemba kukoje?

SWALI: Shkamoo mhariri. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi ya kusomea unesi Ujerumani, mji unaitwa Papenburg. Baba aliposikia tu akasema huko ndo ilikotengenezwa Liemba, basi toka siku hiyo kila jioni ni stori hiyo hiyo. Sasa huko kukoje, kuna nini cha kuona na wenyeji wana mila gani? – Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Marahaba. Mzee yuko sahihi. Liemba, enzi hizo Graf Goetzen, iliundwa pale mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, ikafungwa kwa bolti tu, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000 mpaka Dar halafu treni mpaka Kigoma, na mafundi watatu wa Papenburg wakaja kuiunga hapo kwenu. Ikaingia Ziwa Tanganyika 1915.

Ila mwambie dada asitegemee kuona bahari. Papenburg iko bara, na zamani ilikuwa kinamasi kitupu, watu walianza kuhamia miaka ya 1630 wakachimba mifereji kwa mikono ili maji yatoke, na udongo mweusi wa kinamasi wakaukata, wakaukausha, wakauza kama kuni, na kwa sababu mzigo ulipita kwenye mifereji ikabidi kila mtu ajue boti, ndo hapo ufundi wa meli ulipoanzia. Mifereji hiyo bado ipo, inakatiza katikati ya mji na vidaraja vinavyonyanyuliwa, na mbele ya ofisi ya manispaa imetia nanga jahazi ya maonyesho inaitwa Friederike. Kuna na kinu cha upepo, kizuri kwa picha, basi.

Kitu cha kuona kweli ni meli mpya ikitoka. Kiwanda cha Meyer bado kipo (kimeanza 1795!), siku hizi wanaunda meli za watalii zenye urefu wa zaidi ya mita 300, wanaziunda ndani ya banda, halafu zinavutwa mto Ems mpaka Bahari ya Kaskazini, mara nyingi zinaenda kinyumenyume, na mto wenyewe mwembamba yaani ukiwa mbali unaona meli inapita kwenye malisho ya ng'ombe. Watu wanajaa kingoni, hata usiku. Hiyo asikose, mengine atayaona tu akipita na baiskeli.

Mila sasa. Wakati wa Pasaka wanawasha moto mkubwa wa matawi uwanjani, kijiji kizima kinatoka. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo Jumamosi anunue chakula, hakuna cha Mangi wa kumgongea dirisha. Majira ya baridi wanakula mboga inayofanana na sukuma wiki, inapikwa mpaka inalainika kabisa, tatizo inakuja na soseji na nyama ya nguruwe, kwa hiyo kama nyie ni Waislamu aulize kwanza. Majirani zao wa Ostfriesland ndo wagonjwa wa chai kuliko hata sisi: sukari ya bonge, chai ya moto juu yake, tone la krimu, na hukorogi. Wanakupa vikombe vitatu, ukitosheka weka kijiko ndani ya kikombe, la sivyo wanaendelea kumimina tu.

Akifika Novemba, saa kumi na moja jioni tayari giza. Koti anunue huko huko, la mtumba wa Kigoma halitamfaa.