Asilimia 45 ya Masika, na ngurumo za alfajiri Ziwa Victoria

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naanika dagaa mwaloni hapa Sengerema, na nina shamba la mahindi. Redioni wamesema Masika hii ukanda wetu una asilimia 45 ya kupata mvua za juu ya wastani, na vipindi vya ngurumo katika maeneo machache. Je, mvua itaongezeka kwa karibu nusu? Na mbona wakitangaza ngurumo kwangu jua linawaka, halafu dagaa wanaloa alfajiri ya siku nisiyotegemea?

JIBU: Nzuri, mama. Hapana, mvua haitaongezeka kwa nusu. Namba ile inapima uwezekano, si kiasi cha mvua. Tunachukua Masika za miaka mingi, kwa kawaida 30, tunazipanga kuanzia yenye mvua haba hadi yenye mvua tele, kisha tunazigawa mafungu matatu sawa: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Bila dalili yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Ukisikia 45 kwa fungu la juu, jua msimu umeelemea huko, ila nafasi 55 kati ya 100 bado ziko kwenye mafungu mengine mawili. Inatosha kukufanya uzibue mifereji mapema. Haitoshi kukufanya uache kupanda sehemu za bondeni.

Tena hiyo ni jumla ya Machi hadi Mei. Haisemi mvua itaanza lini wala itakatika wiki gani. Mwaka 2019 Masika ilichelewa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na kimbunga Idai, kilichopiga Beira, Msumbiji, katikati ya Machi, kilichangia kwa kuvuruga mwenendo wa pepo na unyevu. Jambo kama hilo halionekani mwezi Februari, kabla msimu haujaanza. Kutabiri Vuli ni afadhali, kwa sababu inafuata zaidi joto la bahari, El Niño (maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida) ikiwemo, na bahari hubadilika polepole. Kwa hiyo msimu ukishaanza, fuata taarifa za siku kumi na za kila siku za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wakitoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, wanazungumzia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24.

Sasa ngurumo, ambazo ndizo zinazokula mtaji wako. Wingu moja la radi huwa na upana wa kilomita chache na mara nyingi humaliza nguvu ndani ya saa moja. "Maeneo machache" maana yake mawingu ya namna hiyo yatatokea, lakini mwalo wa jirani unaweza kulowa na wako ukabaki mkavu. Utabiri haukukosea siku hiyo.

Alfajiri yako ina sababu yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji ya ziwa yanabaki na joto la nyuzi 24 hadi 26. Hewa baridi inashuka kutoka pande zote kwenda ziwani, inakutana katikati, inasukumwa juu, na mawingu ya radi yanazaliwa usiku wa manane. Nguvu yake si ndogo: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani huletwa na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Mchana mambo hugeuka. Upepo hutoka ziwani, na ngurumo huhamia nchi kavu kuanzia alasiri. Kericho na Kisii, upande wa Kenya, wanazijua pamoja na mvua yake ya mawe. Pepo zetu nyingi hutoka mashariki, hivyo mawingu ya usiku husogea magharibi, na ndiyo maana Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Mwanza.

Kwa hiyo Masika usiache dagaa mchangani usiku kucha. Tumia chanja, turubai liwe karibu, na uanike jua likishatoka na upande wa ziwa ukiwa mweupe. Waambie na wavuvi wenu: upepo wa baridi ukivuma ghafla kutoka kwenye wingu jeusi, mvua bado haijafika lakini mawimbi yako njiani, warudi hapo hapo. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo; kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, si chini ya mwembe, na usitoke hadi zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.